Babu Yetu wa Mtandaoni

Enzi zetu kompyuta haikuwa ya mtu, ilikuwa ya foleni. Wenzangu mliokulia Kahama mtaniunga mkono. Pale Nyasubi, nyuma ya soko, kulikuwa na kibanda cha intaneti cha Mama Kulwa, chenye feni iliyolia kuliko ilivyopuliza, na kibodi zilizofutika herufi mpaka tukawa tunaandika kwa kukumbuka. Tukitoka shule tulipita hapo na sare zetu zenye vumbi, mfukoni michembe ya viazi vilivyokaushwa na karanga, tukangoja zamu. Mama yangu alizoea kusema, "Endelea tu, utaolewa na hiyo kompyuta." Sikuolewa nayo. Ila humo nilipata marafiki ambao sikuwapata darasani, na msiba ambao sijaumaliza.

Tulicheza mchezo mmoja wa watu wengi, ule wa kuchagua mhusika wako na kuishi naye. Una mji, una soko, una mapango yenye majoka, na kila unayemwona anatembea humo ni mtu kweli aliyekaa mahali fulani duniani. Binamu yangu Shija alikuwa askari wa upanga. Mimi nilikuwa mganga, kazi yangu kuwaponya wenzangu wakijeruhiwa. Siku moja nilijisahau nikapiga kelele kibandani, "Mganga ni mimi, njooni niwatibu!" Mama mmoja aliyekuja kutoa fotokopi alifanya ishara ya msalaba, akaondoka bila karatasi zake. Mikoa yetu hii neno hilo halitamkwi kwa mzaha.

Babu tulimpata sokoni, soko la humo mchezoni. Wageni walikuwa wakiandikiana kwa lugha zao, mara likapita neno moja: "Mwangaluka." Mimi na Shija tukatazamana. Ni Msukuma gani huyo anayeamkia watu katikati ya majoka? Tukamjibu kwa Kisukuma hichohicho, akafurahi, akauliza sisi ni watoto wa wapi. Kwa malezi yetu, mtu anayeanza na salamu kisha akauliza kwenu ni mkubwa, basi tukampa shikamoo. Akaandika, "Marahaba, wajukuu." Tangu hapo akawa Babu, na kila tulipoingia tulimwamkia kwanza ndipo tukashika silaha.

Hakuwahi kututukana, hata tulipomponza. Alimsubiri aliyechelewa. Kabla ya kuingia pangoni aliuliza kama tumekula. Baba yangu alipolazwa, nilimwambia Babu kabla ya mtu yeyote shuleni, naye akaacha kucheza akakaa nami pale sokoni, wahusika wetu wawili wamesimama tu, mpaka zamu yangu ikaisha. Nilimpenda mzee yule. Alituambia yuko Nyarugusu machimboni na anacheza kwa simu, nasi tukamchora vichwani: mzee mwenye shimo lake la dhahabu, lile wanaloliita duara, amekaa kwenye kiti cha kamba anakunywa chai, vijana wanamchimbia.

Alikuwa na neno lake, "nazama." Sisi kuzama kwetu kulikuwa kuingia pangoni, kwa hiyo akiliandika tulikimbia kumfuata, tukamkuta amesimama mlangoni kama gogo, hajibu. Baada ya muda mrefu ndipo anarudi na kuomba radhi. Tukasema mtandao wa Nyarugusu ni mbovu, na Babu naye uzee umeanza.

Jumamosi moja mchana aliandika, "Nazama mara moja, wajukuu. Nisubirini." Tukamsubiri. Wanyama wa mlangoni wakawa wanamshambulia, naye hajitetei, nami nikawa namponya. Kila uhai wake ulipopungua niliurudisha. Shija alinicheka, lakini sikutaka kumwacha peke yake. Mwishowe mchezo wenyewe ukamtoa, akafutika mbele ya macho yangu.

Siku zikapita bila Babu, nasi tukanuna tukidhani ametuchoka. Kisha mjomba wetu mmoja, aliyewahi kuchimba, akaja nyumbani akisimulia kwamba Nyarugusu duara limetitia, na vijana waliokuwa wamezama hawakutoka.

"Wamezama?" Shija akauliza. "Kwani kulikuwa na maji?"

"Kuzama ni kushuka duarani, mtoto wewe. Hata Kiswahili hujui?"

Shija akanitazama. Mimi nilikwenda uani nikahesabu hela zetu za nauli.

Tuliaga kwamba tunakwenda kwa shangazi, tukapanda gari la Geita, tukamalizia kwa bodaboda. Nyarugusu nzima tulikuwa tunaulizia mzee aliyefukiwa. "Hakuna mzee," walitujibu. "Wote vijana." Tulikuwa tumeshaanza kupata matumaini, hata Shija akatabasamu, ndipo mama mmoja wa genge akauliza kama huyo babu yetu alikuwa hang'oki kwenye mchezo wa simu. Tukasema ndiye. Akaweka kisu chini. "Huyo si babu, wanangu. Huyo ni Masanja."

Masanja alikuwa mdogo kwetu. Tuliyempa shikamoo miaka yote ile alikuwa hajaota hata ndevu. Aliacha shule, akaingia duarani kumsaidia mama yake. Tulimkuta huyo mama amekaa kwenye mkeka, turubai la msiba limeshaondolewa.

"Shikamoo, mama. Tumekuja kukupa pole ya Masanja."

"Marahaba. Ninyi wa wapi? Mwanangu hakuwa na marafiki."

"Wa Kahama, mama. Tulikuwa tunacheza naye."

"Kahama hajafika hata siku moja," alisema. Kisha akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Alikuwa akiniambia ana wajukuu Kahama wanamsubiri. Tulikuwa tunamcheka sana humu ndani." Akajifunika uso kwa khanga, nasi tukalia naye, watoto wakubwa tukimlilia babu aliyekuwa mdogo wetu.

Bado nacheza, usinicheke. Siku hizi wapwa zangu wana simu zao, hawajui foleni wala kibodi isiyo na herufi. Wamelala kitandani na spika masikioni, wanapigana bega kwa bega na watu wa nchi wasizoweza kuzionyesha kwenye ramani, na salamu yao ni tusi. Mwenzao akipotea wanasema, "Katoka huyo, tafuta mwingine," na mchezo unaendelea. Enzi zetu tulidanganyana umri, lakini mtu akipotea tulipanda gari.

Basi nikikutana na Mtanzania humo, kabla hatujaingia pangoni namuuliza: jina lako la nyumbani nani, na kwenu wapi? Wanacheka. Juzi kijana mmoja alinijibu, "Dada, jina la nini? Unataka kuleta posa?" Wenzake wakaangua kicheko.

Nikacheka nao. Ningemwambiaje mtoto wa watu, mzima, anacheka, kwamba jina hilo ni la kuulizia msiba?