Mizani ya Chai Darasani

Siku mkufunzi wangu alipokuja kunikagua, wakulima wa chai walipanga foleni hadi ndani ya darasa langu, magunia mgongoni, wakisubiri kupimiwa.

Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi karibu na Kiptere, na somo hilo ndilo lingeamua kama nitafaulu. Mada ilikuwa uzani. Nilikuwa nimechoka na michoro ya ubaoni, kwa hiyo asubuhi nikamwomba karani wa kituo cha kununulia majani ya chai aniazime mizani. Alikubali, maana upimaji huanza mchana. Sikujua kwamba huku watu hawafuati kituo, wanafuata mizani. Walioniona nikiibeba barabarani waliambiana kwamba leo chai inapimwa shuleni.

"Madam, anza na yangu, inanyauka," akasema mama aliyekuwa mbele.

"Mama, hapa ni darasani."

"Ni sawa, lakini mizani ni ya chai."

Nilimtazama mkufunzi, aliyeketi nyuma. Naye akaitazama mizani. Basi nikalitundika gunia la yule mama, na watoto wakasoma kilo kwa sauti moja. Mama akabisha kwamba ni zaidi. Wakasoma tena huku wakicheka, wengine wamepanda juu ya madawati. Gunia lililofuata lilipokwama mlangoni, mkufunzi aliinuka, akalishika upande mmoja, tukalitundika pamoja.

Aliondoka na majani ya chai kwenye koti, akicheka. Alama zangu hazijatoka mpaka leo.