Mkwe wa Nyuma ya Ukuta

Maige alipowaaga majirani zake wa Kambarage, mjini Shinyanga, kwamba anakwenda chuo kikuu Mwanza kusomea uzee, walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alimwambia, "Maige, uzee hausomewi. Kaa kibarazani usubiri, utaletewa." Mwingine akauliza kama mtihani wa mwisho ni kung'oka meno. Maige alicheka pamoja nao, kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa, kisha akaingia ndani kufunga begi lake. Alikuwa muuguzi wa makamo, mume wa Rebeka na baba wa watoto watatu, mkubwa wao Violeth, na ruhusa ya masomo aliipata baada ya kuiomba hadi wakubwa wake wakachoka kumnyima.

Katika ujana wake, kabla ya uuguzi, alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo wa dhahabu, katika machimbo ya upande wa Kharumwa. Kazi yake ilikuwa kuweka matimba, yale magogo yanayozishikilia kuta za duara, shimo la kuchimbia, zisiwafukie waliomo. Huko chini aliwaona wanaume ambao hawajaota mvi wakipanda ngazi kama vikongwe, akang'amua kwamba uzee haumwendei kila mtu kwa njia moja. Baadaye, akiwa amevaa sare nyeupe, aliwasikia watumishi wenzake wakiwajibu wazee jibu lilelile, goti likiuma, jicho likififia, usingizi ukipotea: "Ni uzee tu." Jibu hilo lilimkera kama mchanga kwenye ugali. Alikwenda chuoni ili ajue kuna nini ndani ya hiyo "tu."

Walimu waliliita somo hilo jerontolojia. Maige aliendelea kuliita elimu ya uzee. Mhadhiri wake, Dakta Justa, mzaliwa wa Bukoba, aliwafungulia darasa kwa kanuni fupi: keti karibu na mzee, mtazame usoni, mshike mkono. Maige aliipenda kanuni hiyo. Hakujua kwamba mzee wa kwanza atakayemhitaji hasa ndiye mtu pekee duniani ambaye yeye hakuruhusiwa kumtendea hata jambo moja kati ya hayo.

Mzee huyo alikuwa Martina, mama mzazi wa Rebeka.

Martina alikuwa mjane aliyeishi katika mji wake mwenyewe, yaani boma lake, si mbali na Kharumwa, ndani ya uzio wa minyaa alioupanda pamoja na marehemu mumewe. Msimu wa mvua aliteleza njiani akiwa na ndoo kichwani, akavunjika paja la kushoto. Alipasuliwa, mfupa ukaunga vizuri, akarudishwa nyumbani na gongo la kutembelea. Tangu hapo hakuuvuka mlango wa chumba ila kwa kubebwa. Mguu umegoma, ndivyo alivyosema. Mwanawe wa kwanza, Makoye, mfanyabiashara wa mchele huko Kahama, akakata shauri: mavuno yakiisha atakuja na gari, mama ahamie kwake, na mji ufungwe. Makoye alikuwa mwana mwema, na chumba alikwisha kukiandaa, chenye vigae na choo cha ndani. Martina hakumkatalia. Ila asubuhi moja alimwambia Rebeka, aliyekuja kumuuguza: "Kahama nitakwenda, mwanangu. Nitakwenda nimebebwa, na anayebebwa haulizwi anakopelekwa."

Rebeka akatoka nje na simu.

"Baba Violeth, si umebakiza mafunzo ya vitendo? Njoo uyafanyie huku."

"Kwa mama mkwe? Mama Violeth, unanitafutia laana."

"Umesomea wazee wote wa Tanzania, ukamruka mama yangu peke yake?"

Woga wa Maige ulikuwa na msingi. Katika desturi aliyolelewa nayo, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Na chumbani mwa mama mkwe, mkwe haingii hata nyumba ikiungua. Kwa miaka yote ya ndoa yake, Maige aliijua sauti ya Martina kuliko alivyoijua sura yake. Alimpigia simu Dakta Justa, akamweleza kila kitu, akitarajia kuambiwa kwamba mila ni mila na sayansi ni sayansi. Mhadhiri akasema, "Kwetu pia wakwe wana mambo yao. Mikono itakayomshika si lazima iwe yako, Maige. Ila jambo moja usilisahau. Usimuulize anaumwa wapi. Muulize anaogopa nini."

Basi Maige akaja. Aliketi nje kwenye kigoda, chini ya dirisha la chumba cha mama mkwe, mgongo ameuegemeza ukutani. Rebeka akawa ndani.

"Mama Violeth," Maige alianza, "mwambie mama aketi ukingoni mwa kitanda, nyayo ziguse sakafu."

Kisha ikasikika sauti ya Martina. "Amesema nini?"

"Mama, si umesikia?"

"Nimesikia. Lakini hajasema na mimi."

Rebeka akayarudia maneno yote kama alivyoyapokea, ndipo kitanda kikalia.

Hivyo ndivyo masomo yalivyokwenda, kila agizo likisemwa mara mbili. Martina alijifunza kuketi, akajifunza kusimama akimshika binti yake mabegani. Lakini kila walipoukaribia mlango alitaka arudishwe kitandani. Maige akakosea kama wanavyokosea wengi wenye elimu mpya: akazidisha sauti. Akawa anahimiza na kuhesabu hatua kama mwalimu wa gwaride.

"Rebeka," Martina alisema kwa utulivu, "mwambie huyo bwana mimi si ng'ombe wa plau."

Maige alikaa pale ukutani akikwaruza ardhi kwa kijiti, na neno la Dakta Justa likamrudia, nalo lilikuwa limempita kabisa. Akashusha sauti. "Mama Violeth, muulize mama. Akiutazama huo mlango, anaogopa nini?"

Jibu lilikuja kwa Kisukuma, refu, na kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtu aliyeketi ubavuni mwako. Martina alimsimulia binti yake siku aliyoanguka. Waliomwokota walikuwa vijana wa karasha, pale wanaposaga mawe ya dhahabu. Walimbeba mbiombio, mmoja mkono, mwingine mguu, na kanga ikamponyoka njiani asiweze kuidaka. Vijana wa rika la wajukuu zake waliuona mwili wake. "Walinisaidia, Mungu awabariki. Lakini nikianguka tena hapo uwanjani, nani ataninyanyua? Si huyo mumeo? Bora nilale."

Maige aliyasikia yote, akatambua kwamba ilikusudiwa ayasikie. Angekuwa ameketi karibu naye, amemshika mkono na kumtazama usoni, asingeambiwa hata nusu yake.

"Mama Violeth," alisema, "mwambie mama kutembea tumeacha. Kuanzia kesho anajifunza kuanguka."

"Kuanguka?" Martina aliuliza moja kwa moja, akisahau utaratibu. Kisha akajirekebisha. "Rebeka, hebu muulize amekunywa nini."

Hakuwa amekunywa kitu. Chuoni alifundishwa kwamba mzee aliyekwisha kuanguka mara moja hufungwa na hofu kuliko na mfupa, na kwamba hofu hiyo hupungua akijua kuinuka bila kusubiri mikono ya mtu. Kesho yake alitandika mkeka uwanjani, akaligeuzia mgongo dirisha, akajilaza chini mbele ya mkewe na kuku. Akageuka ubavu, akapiga magoti, akatambaa hadi kwenye kigoda, akaweka viganja juu yake, akatanguliza mguu mmoja na kusimama. "Mguu mzima ndio unaotangulia," alimwambia Rebeka. "Uliovunjika unafuata." Akalala tena chini, akarudia.

Sauti ikatoka dirishani: "Anainuka kama ndama aliyezaliwa leo."

Rebeka husema kwamba hapo mama yake alicheka. Maige hushikilia kwamba alikohoa.

Martina alijifunza sakafuni mwake, mlango umefungwa, hakuna macho ila ya binti yake. Alipoanza alilia. Baadaye akawa anagombana na kigoda. Mwishowe ikafika asubuhi ambayo Rebeka alitoka nje na kuketi karibu na mumewe, na wote wawili wakamsikiliza mama akishuka chini na kuinuka peke yake, kisha akishuka tena.

Wakati huohuo Maige aliirudia kazi ya ujana wake. Alikata magogo, akachimba mashimo, akasimamisha matimba mistari miwili kutoka mlangoni hadi chooni, akayaunganisha kwa fito kwa kimo cha kiuno cha mama mkwe, kimo ambacho Rebeka alimpimia kwa kamba. Alishindilia udongo kama vile kuna watu chini yake. Martina akaanza kutoka jua likiwa halijapata joto, Maige akiwa amejitenga nyuma ya jiko.

Mavuno yakaisha, Makoye akaja na gari la kukodi, godoro limefungwa nyuma kwa kamba. Alimsikiliza dada yake, akayatazama matimba, akamvuta Maige pembeni.

"Shemeji, umefanya kazi ambayo sisi wenye mama hatukuifanya. Lakini akianguka huku akiwa peke yake, watu watauliza mwanawe yuko wapi. Nitawajibu nini?"

"Hoja yako ni nzito, shemeji. Mwache kwanza atoke, umwone."

Mlango ulipofunguka, Maige alisimama na kugeukia minyaa, kama ilivyompasa. Aliufuata mwendo kwa masikio: kiganja juu ya fito, gongo, unyayo, kiganja tena. Kisha kishindo.

Makoye aliruka. Maige, bila kugeuka, alimdaka shati.

"Usimguse."

"Shemeji, mama yuko chini."

"Najua. Usimguse."

Kila alichosomea kilimwambia atazame, na kila alicholelewa nacho kilimkataza. Alishika shati la shemeji yake na kusikiliza. Kanga ilikwaruza udongo. Pumzi ikapanda, ikatua. Makoye akalivuta shati, Maige akakaza mkono. Halafu fito zikalia kwa uzito wa mtu. Unyayo. Gongo. Mlango wa bati wa choo ukafungwa.

"Ametanguliza mguu gani?" Maige aliuliza, macho yakiwa bado kwenye minyaa.

"Nini?"

"Alipoinuka. Mguu gani umetangulia?"

Makoye alifikiri. "Wa kulia."

"Vizuri," alisema Maige, na ndipo alipoliachia shati.

Martina alirudi kwa mwendo wake mwenyewe, akaketi mlangoni, akapangusa udongo kwenye viganja. Makoye alimwendea, akachuchumaa mbele yake.

"Makoye, mwanangu," alisema mama yake, "gari lisirudi tupu. Pakia michembe ya viazi, wajukuu zangu wale. Na hilo godoro lishushe, uliingize chumbani. Langu limechoka."

Makoye alimtazama dada yake, kisha akamtazama mama. Akainuka, akaenda kufungua kamba.