Koleo la Kazi Zote

Kidole gumba cha mkono wa kulia wa Keraryo kilikuwa hakikunjiki tena. Kila asubuhi alikikanda kwa maji ya moto, akakivuta, akakitukana kidogo, ndipo akaenda kazini. Alikuwa fundi umeme wa magari pale Bunda, karibu na njia ya kwenda Kisorya, na kidole hicho ndicho kilichowalisha yeye, mkewe Wegesa, na watoto ambao sasa walikuwa na makwao.

Tusiulize kidole kilifanya nini. Tuiulize ile miaka. Baada ya vita vya Uganda maduka yalibaki na rafu na vumbi, na mtu alijipanga kwenye foleni kwanza, kinachogawiwa akakiuliza baadaye. Fundi angepata wapi vichwa vya waya, vile vibati vidogo vyenye masikio vinavyobanwa kwenye ncha ya waya ili ushike taa au swichi? Keraryo alivichomoa kwenye magari yaliyokufa. Aliyafungua masikio kwa ncha ya kisu, polepole yasikatike, akaingiza waya mwingine, akayaponda kwa koleo la kawaida, kisha akaweka kichwa juu ya kipande cha springi na kukigonga kwa nyundo. Koleo likiwa limeazimwa, alibana kwa meno. Magari yalikwenda. Watu wakamsifu kwamba Keraryo anabanaga mpaka chuma kinalia, naye sifa ile akaila akashiba, maskini, maana sukari haikuwepo.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Bidhaa zikarudi, magari yakaongezeka, na kidole kikachagua wakati huohuo kugoma. Waya alizobana Keraryo zikaanza kulegea. Lori la Makongoro, lililokuwa likileta samaki kutoka Kisorya, lilizima taa mara kwa mara katika ile barabara ya mashimo, na Makongoro ndiye mteja wa kudumu aliyekuwa amebaki.

"Baba Boke, turudi nyumbani Butiama," Wegesa alimwambia. "Mihogo haitaki gumba."

"Mihogo inataka jembe. Jembe linataka gumba."

"Basi ng'ombe. Ng'ombe unawaswaga kwa mdomo, na mdomo unao."

Keraryo akacheka, lakini alichoka. Ukweli ni kwamba nusu ya moyo wake ilikwisha fika Butiama zamani. Nusu nyingine ilikataa kuondoka kama mtu aliyefukuzwa. Wakakubaliana hivi: atakwenda Musoma kutafuta koleo halisi la kubania vichwa vya waya, afunge upya waya za lori la Makongoro, na taa zikizima tena atafunga kibanda chake cha kazi na kurudi kulima.

Musoma, karibu na soko, kulikuwa na duka la vipuri la Petronila, mwanamke mpole aliyejua bidhaa zake. Alimwamkia, akamwekea makoleo matatu mezani.

"Baba, wewe unatumiaga vichwa gani? Vyenye plastiki au vitupu?"

"Vyote," akasema Keraryo. Hakuwa amewahi kubana cha plastiki hata kimoja.

Petronila akaeleza bila haraka. La kwanza, lenye alama za rangi, ni la vichwa vya plastiki. Linaponda bapa, basi. La pili ni la vichwa vitupu. Mdomo wake wa juu una vilima viwili vya kukunja masikio kwa ndani, na lina matundu makubwa na madogo kwa unene wa waya. La tatu linakata waya, linamenya mpira wa waya, linabana, na hata misumari midogo linakata.

Mkono wa Keraryo ulikwisha lishika la tatu.

"Mshika mawili moja humponyoka, baba."

"Hili linashika manne, binti yangu. Likiponyokwa na moja yanabaki matatu."

Usimcheke. Nyumbani kwake kwa miaka mingi sufuria moja ilipika uji, ikasonga ugali, ikachemsha na maji ya kuoga. Shati moja lilikwenda kanisani na msibani. Mtu aliyeishi hivyo ukimwonyesha chombo cha kazi moja tu anaona unamtania. Akalibeba koleo la kazi zote kwa furaha, akapanda gari la kurudi Bunda.

Alilifunga upya lori la Makongoro, kila kichwa, mbele na nyuma. Koleo jipya liliyalaza masikio bapa. Naye, ili roho itulie, akamalizia kila kimoja kwa nyundo. Taa ziliwaka kibandani zikampendeza.

Makongoro alirudi kesho yake, amejaa vumbi hadi kwenye nyusi.

"Zimekufa kabla sijafika Kibara. Nimefuata tochi ya mtu wa baiskeli, yeye anaendesha, mimi nasukuma gia kama nasindikiza maiti." Kisha akashusha sauti, na hapo ndipo palipouma. "Ndugu yangu Keraryo, kama mkono umechoka, sema. Sio aibu."

Keraryo alivuta waya wa taa ya kushoto, ukachomoka bila ubishi. Akaona aibu mbele ya mtu aliyemwambia si aibu.

"Nipe siku moja," akasema. "Ya mwisho."

Akarudi Musoma na kile kichwa mfukoni. Petronila alikigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango.

"Masikio yalilala tu juu ya waya, baba. Hayakuushika." Akalipokea koleo la kazi zote, akamwekea lile la vilima, na kichwa kipya na kipande cha waya. "Chagua tundu la kufaa waya wako. Halafu bana. Usitumie nguvu."

Gumba likakataa, kama kawaida yake. Akaliacha, akabana kwa kiganja na vidole vinne. Kri, kri, kri, kisha koleo likafunguka lenyewe. Keraryo akalirudisha ili abane mara ya pili.

"Acha, baba, limeisha hilo. Ukirudia unakata waya."

Macho ya Keraryo yakazunguka mezani.

"Unatafuta nini?"

"Nyundo."

"Ya nini?"

Masikio mawili ya mbele yalikuwa yamejikunja ndani na kuzama katikati ya nyuzi za shaba, na mawili ya nyuma yameukumbatia mpira. Akavuta kwa mkono. Akavuta kwa meno. Waya haukutoka.

"Na nguvu je?" akauliza.

"Nguvu iko kwenye koleo. Wewe unachagua tu."

"Haya makoleo yametengenezwa lini?"

"Mbona ya siku nyingi. Kenya yalikuwepoga miaka yote, ni vile tu mpaka ulikuwaga umefungwa."

Keraryo akaketi juu ya debe la rangi, na Petronila akamletea maji ya kunywa.

Likiwa limebanwa upya kwa koleo la vilima, lori la Makongoro lilikwenda Kisorya na kurudi, likaenda tena na kurudi. Safari ya tatu lilipita mbele ya kibanda wakati wa magharibi, taa zote zinawaka, na Makongoro akapiga honi ndefu bila kusimama.

"Basi tunabaki," Wegesa alisema nyumbani, akimwekea beseni la maji ya moto.

"Tunabaki."

"Mbona huna furaha?"

Akamkabidhi koleo, na kipande cha waya kilichokwisha vishwa kichwa. "Bana."

"Mimi? Mimi najua nini?"

"Bana tu, Mama Boke."

Wegesa akabana, uso wake pembeni kama anayechinja kuku. Kri, kri, kri. Koleo likafunguka. Akaangalia masikio yaliyokunjwa vizuri, akacheka, kisha akamtazama mumewe usoni, akaacha kucheka.

"Umeona?" alisema Keraryo. "Miaka yote ile, kidole changu hakikuhitajika."

Wegesa akaweka koleo chini, akauchukua ule mkono, akautia ndani ya maji.