Dawa Isiyoshika

Mama mmoja mjamzito wa Kanyangi aliniambia kliniki, bila kupepesa macho, kwamba safari hii atajifungulia nyumbani. Dada yake alikuwa amepasuliwa kwetu majuzi akakihisi kisu. Yeye mwenyewe alikuwa na makovu mawili ya upasuaji. Akijaribu kusukuma nyumbani, kizazi kingeweza kupasuka afe.

Dawa mpya ya ganzi tuliyoletewa haikuwa ikishika, na nilikuwa nimemlalamikia msimamizi wa hospitali mpaka akachoka kuniona.

"Daktari, hiyo dawa iko sawa," alisema. "Ni hawa wamama wanaogopa tu. Ukiendelea hivi utajipata umepewa transfer."

Nilitoka, nikapeleka jambo hilo kwa chama chetu cha madaktari. Tulikutana mjini Kwa Vonza, katika ukumbi wa kanisa, sisi wa Kitui na wenzetu wa Makueni pamoja. Chama chetu kina desturi ninayoipenda: baada ya maombi, mwenye cheo kidogo ndiye husema kwanza, asije akameza maneno yake akishawasikia wakubwa. Akasimama daktari aliye mafunzoni Makueni.

"Hata kwetu hiyo dawa haishiki," akasema. "Nilidhani ni mimi sijui kudunga."

Mmoja baada ya mwingine walikiri hivyo hivyo. Kumbe kila mtu alikuwa akijilaumu peke yake, kimyakimya, huku wagonjwa wakiumia. Mwenyekiti wetu, mpasuaji mzee asiyependa maneno mengi, akasema twende sote kwa wakubwa wa kaunti zote mbili, na kama kuna wa kuhamishwa, watuhamishe sote.

Tulikwenda, tena tukakataa kukalishwa tunywe chai. Dawa ile iliondolewa stoo zote, ikaletwa nyingine. Msimamizi akaanza kuniamkia kwa heshima nisiyoizoea, nami, Mungu anisamehe, niliifurahia sana.

Nikampigia simu yule mama, nikamwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, njoo. Dawa imebadilishwa, na mimi mwenyewe nitakuwa hapo."

Alikuja, ingawa hakuniamini. Baada ya sindano ya mgongo alilala mezani ameuma meno, amefumba macho, akikingoja kisu. Nikaanza kupasua. Mtoto alipolia, alifumbua macho.

"Huyo ni wa nani?"

"Ni wako, mwaitu."

"Lakini wewe hujaanza," akasema.