Salamu Ambazo Hazikutumwa

Hussni Omar haleti salamu. Wateja wa duka lake pale Brooklyn Center, karibu na Minneapolis, wamekwisha kulizoea jambo hilo, ingawa mwanzoni liliwaudhi. Mtu wa pwani akitoka nyumba moja kwenda nyingine, hata kama hakuna aliyemtuma, atasema tu, "Fulani wanakusalimu sana." Ni adabu. Anayeambiwa hajiulizi kama kweli salamu zilitumwa. Hujibu, "Nazipokea," na mazungumzo yakaendelea. Hussni hafanyi hivyo. Anaweza kwenda Mombasa, akakaa majuma matatu kwa mama mkwe wake Kibokoni, akarudi na masanduku mawili ya bizari na tende, na mkewe Khadijah akimuuliza habari za huko atajibu lile tu alilolisikia kwa masikio yake.

"Mama hakunisalimu?"

"Alikuwa jikoni nilipotoka. Alisema nifunge mlango paka wasiingie."

"Baba Zamzam, mimi niliolewa na mume au na karani wa mahakama?"

Khadijah alicheka peke yake siku ile. Walikuwa na miaka kumi na miwili ya ndoa, na bado hakujua kwamba mumewe aliwahi kuleta salamu mara moja, chini ya bahari, na kwamba tangu hapo ulimi wake ulikuwa ukiogopa.

Hussni alikuwa na miaka minane wazazi wake walipomleta Minneapolis. Walipanga nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Phillips, ghorofa ya tatu. Baba yake, Mzee Omar, fundi cherehani aliyeshona kanzu za mabwana harusi wa Mji wa Kale, alipata kazi ya kufua mashuka, zamu ya jioni. Hussni akirudi shule, baba alikuwa tayari amevaa koti, ameshika kitasa. Kwenye jiko palikuwa na sufuria iliyofunikwa sahani. "Usilale na njaa, mwanangu," Mzee Omar alisema, kisha akashuka ngazi. Miaka kumi alisema hivyo, na mara nyingi hakusema neno jingine lolote.

Hussni alipotimiza miaka ishirini na mmoja, akiwa raia, alijiandikisha jeshi la wanamaji. Wakamfundisha mitambo ya mawasiliano, wakampeleka kwenye nyambizi.

Nyambizi ikizama huzama na watu mia na arobaini, na dunia ya juu huendelea bila wao. Habari huja kwa mafungu, kila antena inapoinuliwa, na fundi wa redio ndiye anayezisoma kwanza kabla ya kumpelekea nahodha. Kwa ajili hiyo, kabla ya kila safari, kila baharia hujaza karatasi moja: ukifiwa tukiwa chini, uambiwe papo hapo, au ungoje mpaka bandarini? Chombo hakiwezi kugeuzwa kwa sababu ya mazishi ya mtu mmoja. Wengi huchagua kungoja.

Eric alichagua kungoja. "Nikiambiwa huku nitakwenda wapi?" alimwambia Hussni wakitia saini. "Nitajifungia chooni?" Alikuwa msikilizaji wa sauti za majini, mzaliwa wa Champlin, mwendo wa nusu saa tu kutoka Phillips. Vitanda vyao vilipandana, cha Eric juu, cha Hussni chini, na kwa kuwa ndio pekee waliotoka upande ule wa nchi, waliitana jirani.

Siku ya thelathini na moja ya safari ile, ikaja habari kwamba baba yake Eric amefariki. Moyo ulisimama akiwa kwenye gereji yake, akitengeneza injini ya mashua. Hussni aliisoma mara mbili, akampelekea nahodha. Nahodha akaikunja. "Umeiona, hukuiona," alisema. Hussni aliitii amri hiyo, na hata leo hajutii kuitii. Kunyamaza hakukuwa kosa lake.

Kosa lake lilikuja siku ya arobaini. Eric alisimama mlangoni pa chumba cha redio na kikombe cha kahawa, uso umempauka kwa kukosa jua.

"Jirani, hakuna chochote cha kwetu? Mzee alisema safari hii ataandika."

Hussni angeweza kusema hakuna, na ingekuwa kweli. Lakini alimtazama, akamwonea huruma, na ulimi wa Kibokoni ukatangulia akili.

"Anakusalimu," alisema.

Kwao maneno hayo yangeishia hapo. Eric angesema anazipokea na kuondoka. Lakini Eric hakuwa mtu wa pwani. Aliweka kikombe chini.

"Amesemaje?"

Hussni alikuwa tayari amekwisha kuingia, na nyuma hapakuwa na njia. Alitafuta maneno ya baba, akayapata ya baba pekee aliyemjua.

"Amesema usilale na njaa, mwanangu."

 Eric akatabasamu kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika umati wa wageni. "Mzee wangu kasema hivyo?" Akaichukua kahawa yake, akaenda zamu. Majuma matano yaliyobaki alikuwa akikomba sahani na kumwonyesha Hussni. "Amri ya mzee," alisema kila mara, na kila mara Hussni alicheka naye.

Bandarini nahodha alimwita Eric faragha. Alipotoka alimwendea Hussni moja kwa moja, akamkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Eric alikuwa amekwisha kujitungia maelezo mwenyewe: baba aliandika kabla ya kufa, ujumbe ukachelewa njiani. "Angalau maneno yake yalinifikia," alisema. Hussni aliokota kofia, akampangusia vumbi.

Mkataba ulipokwisha alirudi nyumbani, akafungua duka. Mabaharia wa ile nyambizi walikutana kila baada ya miaka mitatu, mara Georgia, mara Connecticut, na kila mara Hussni alikuwa na udhuru: mtoto ana homa, Ramadhani imeingia, hana wa kumwachia duka. Mzee Omar naye alifariki, na Eric akatuma kadi. Hussni hakuijibu. Ndipo mwaka huu barua ikaja kutoka kwa Lenny, msimamizi wao wa zamani, kwamba Oktoba wanakutana Saint Paul.

Khadijah aliikuta barua chini ya droo ya duka. "Saint Paul hapa hapa? Na jina la Eric limetajwa mara mbili. Huyu si yule aliyetuma kadi ya rambirambi?"

Hussni alimweleza, akipanga makopo ya maziwa ya unga ili asimtazame. Alipomaliza, rafu nzima ilikuwa imejaa.

"Kwetu," Khadijah alisema hatimaye, "mtu akifiwa na chakula kimo mdomoni, haambiwi. Huachwa amalize, anawe mikono, ndipo aambiwe."

"Najua."

"Huyu Eric wako amekula miaka kumi na minane, Baba Zamzam. Bado hajanawa?"

Jumamosi ya mkutano Khadijah alimpeleka mwenyewe. "Nita-drive mimi," alisema, "wewe utakosa njia kwa makusudi." Alimshusha mbele ya ukumbi wa maveterani na kuondoka kabla hajageuka.

Ndani palikuwa na watu arobaini hivi, wengi wamenenepa, wengine wamepoteza nywele. Wanaume waliokuwa wakipishana kwa ubavu katika njia nyembamba za chombo walishikana mabega wasijue pa kuweka mikono. Lenny alikuwa amesimama kando ya meza yenye kengele ya shaba. Ni desturi yao: kabla ya chakula, majina ya wenzao waliokufa husomwa, na kila jina hugongewa kengele mara mbili. Mwaka huu yalikuwa sita. Lenny alisoma manne kwa sauti kavu ya kazini. La tano alilianza, akaishia katikati. Mtu mmoja nyuma akalisema badala yake, kisha ukumbi mzima ukalisema, na wanaume wazima wakafuta macho kwa vitambaa vya meza.

Eric alilia bila kujificha. Kengele iliponyamaza akageuka, akamwona Hussni, akavuka ukumbi.

"Jirani. Dakika ishirini kutoka kwako na bado nilifikiri hutakuja."

"Nimekuja."

"Umenenepa. Nani anakulisha?"

"Mke."

"Mwanamke mwema. Hakika hulali na njaa." Alicheka, halafu akatoa simu. "Ngoja nikuonyeshe kitu. Nilitaka uone kwa macho, lakini hukuja Georgia, hukuja popote."

Ilikuwa picha ya kaburi. Jiwe la rangi ya majivu, jina la baba yake, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na chini yake, kwa Kiingereza, yale maneno ya Mzee Omar aliyoyasema ameshika kitasa.

"Mzee hakuwa mtu wa maneno," Eric alisema. "Maisha yake yote sikumbuki aliniita mwanangu. Lois naye, dada yangu mkubwa, hakuwahi kuambiwa neno laini. Nilipomwambia ujumbe ulioniletea, aliniambia sasa ana baba. Yeye ndiye aliyechagua jiwe."

Hussni alikuja amejiandaa kukiri uongo. Hakujiandaa kukutana na jiwe. Aliiona wazi njia ya kunyamaza, fupi, yenye chakula cha moto mbele na watu waliomkumbuka kwa wema. Kisha akamkumbuka Khadijah.

"Njoo huku," alisema.

Walisimama kwenye ushoroba wa kutundikia makoti. Hussni alisema yote kwa mfuatano, kama anasoma ujumbe: siku ya thelathini na moja, siku ya arobaini, kikombe cha kahawa. "Baba yako hakuandika. Nilikwisha kujua kwamba amekufa. Maneno yale ni ya baba yangu mimi. Aliniambia nikiwa mtoto, kila jioni."

Eric hakusogea. "Kwa nini?"

"Kwetu tunaleta salamu hata kama hazikutumwa. Ni adabu. Lakini ulipouliza alisemaje, ningeweza kukuambia kweli, nikatunga. Hilo si adabu. Hilo ni langu."

Ndani mtu alikuwa akigonga glasi kwa kijiko. Eric alitazama tena ile picha, akaikuza kwa vidole mpaka herufi zikajaa kioo.

"Kuyakosa mazishi niliweza kukumeza," alisema, "kwa sababu ya maneno haya."

"Najua."

"Hujui." Akazima simu. "Nenda kamwambie Lois. Mimi sitamwambia. Kesho, saa sita mchana. Nitakutumia anwani."

Akarudi ndani. Mchana mzima alikaa meza nyingine, na wote walipokumbatiana kuagana, yeye alimpa Hussni mkono tu.

Jumapili Hussni alikwenda Champlin, nyumbani kwa Lois, peke yake. Lois alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini, nywele fupi, miwani imening'inia kwa kamba. Eric alikuwepo, amesimama dirishani akiutazama mto uliopita nyuma ya nyumba, na hakugeuka. Hussni alikaa mbele ya meza ya jikoni akasema tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana mama huyu alimwandalia supu kwanza na yeye hakuweza kuigusa.

Lois alisikiliza mpaka mwisho. Alivaa miwani, akaivua.

"Kwa hiyo baba yangu hakusema kitu."

"Sijui alisema nini, dada. Mimi sikuletewa kitu."

"Huyo wako, alikuwa mtu wa namna gani?"

Hussni hakutegemea swali hilo. Alimweleza juu ya koti, kitasa, sufuria iliyofunikwa sahani. Alimweleza kwamba baba alipofariki yeye hakuweza kulia kwa maneno hayo, kwa sababu alikuwa ameyatoa kwa mtu mwingine, na hakuona haki ya kuyarudisha.

"Alikusemesha kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Sema."

Hussni alitazama supu yake. Tangu siku ya arobaini hakuwahi kuyatamka, hata kwa Zamzam, hata zile jioni mtoto aliposukuma sahani na kukataa kula.

"Usilale na njaa, mwanangu."

Eric alikuwa bado amewapa mgongo. Lois alibandua bahasha ya kuponi za dukani kutoka mlangoni pa friji, akaigeuza, akamsogezea na kalamu. "Andika. Kama maneno ya mtu yamekaa juu ya kaburi la baba yangu, nataka kujua yalivyo."

Aliandika, na chini yake, alipoombwa, akaandika jina: Omar. Lois alilisoma taratibu, akaibandika bahasha pale ilipokuwa, upande ulioandikwa ukiwa nje. Hakusema kama amemsamehe, naye Hussni hakuuliza. Supu ilikuwa imepoa. Aliinywa yote, kwa sababu kuiacha kungekuwa kosa jingine, na alipoondoka hakuna aliyemsindikiza mpaka kwenye gari.

Khadijah alikuwa dukani, akimpimia mteja mchele. Aliupima, akaufunga, mteja akatoka.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Lois aliniambia niandike," Hussni alisema. "Eric hakusema kitu."

"Hawakutusalimu?"

"Hawakutusalimu."

Khadijah aliitikia kwa kichwa, akamsogezea kiti.