Kiboko wa Majarubani

Juzi mume wangu alipita kwenye bucha la nyamapori Buzuruga akarudi na nyama ya nyati, imekatwa vizuri na kufungwa kwenye mfuko. Niliibandika jikoni hapa kwetu Igoma bila kuwaza lolote. Ilipoanza kuchemka, ile harufu nzito ya nyama ya porini ikajaa nyumba nzima, nami nikajikuta nimekaa kwenye kigoda, mwiko mkononi, akili yote iko utotoni. Ngoja nikusimulie wewe, maana watoto wangu nikiwaambia wanadhani natunga.

Kwetu ni kijijini, kando ya ziwa, upande wa Magu. Tulilima mpunga kwenye majaruba yaliyoteremka hadi karibu na matete. Msimu huo mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, na kiboko mmoja dume alikuwa ameuzoea. Usiku alitoka ziwani, akala, akabomoa kingo za majaruba, na alfajiri akarudi majini kwa njia yake ile ile. Tulipiga madebe, tukawasha moto, hakujali. Lakini mpunga haukuwa kilio kikubwa. Kiboko huyo alikuwa amemuua mke wa jirani yetu asubuhi, alipokuwa akichota maji ziwani. Mama yule ndiye aliyenisuka nywele kila Jumamosi ili niende kanisani nikiwa nadhifu.

Basi wanaume wakakutana uani kwetu. Jirani alitaka waingie kwenye matete na mikuki siku hiyo hiyo. Baba alikataa.

"Tumeshazika mmoja," alisema. "Tukienda na hasira tutazika wengine."

Wakakubaliana kumwita Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita ofisa wa wanyamapori, aje na bunduki. Baba alikwenda wilayani kwa baiskeli zaidi ya mara moja kumwomba, hata jioni moja akarudi amempakia nyuma, bunduki imeviringishwa kwenye turubai. Tulimwamkia shikamoo kwa woga. Akaitikia marahaba, akaomba maji ya kunawa uso kama mgeni mwingine yeyote.

Siku iliyofuata nyumba yetu haikutulia. Baba alimwonyesha njia ya kiboko, ile mifereji miwili iliyochimbwa na miguu yake, wakachagua kichuguu cha kujificha, mahali ambapo upepo wa alfajiri usingepeleka harufu yao mashambani. Wanaume walisokota kamba za katani, wakanoa visu na mapanga kwenye jiwe; mlio ule nausikia hadi leo. Sisi wasichana tulitumwa kuni. Mama alitaka kwenda kuazima masufuria makubwa, bibi akamzuia.

"Mbeleko haishonwi mtoto hajazaliwa," alisema. Kuni aliziruhusu, kwa sababu hata maharage yanahitaji kuni.

Kulipoanza kupambazuka, baba na Bwana Nyama walikuwa wameshaondoka. Bibi alikuwa akikoroga uji wakati mlio wa kwanza wa bunduki uliposikika, kisha wa pili. Halafu kimya. Mama alisimama mlangoni, kanga ameikaza kiunoni, anatazama matete. Bibi alitugawia uji, lakini nilimwona akijaza kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa.

Baba alitokea jua limeshapanda, tope hadi kifuani.

"Kapigwa," alisema, "lakini kazama."

Bwana Nyama alikataza mtu yeyote kugusa maji. Kiboko akifa huzama kwanza, ndipo huibuka mwenyewe. Na kama amejeruhiwa tu, ataibuka pia, tena na ghadhabu. Kijiji kizima kikakaa ufukweni kusubiri. Tulitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, watoto wachanga wakalala migongoni. Jirani peke yake alisimama karibu na maji, ameshika mkuki, na hakuna aliyethubutu kumwambia akae. Mchana tumbo likaibuka polepole, la kijivu, kama jiwe. Halikutikisika. Jirani alilitazama, akaulaza mkuki chini, akageuka akaenda zake nyumbani.

Ng'ombe wa kulimia walimvuta hadi nchi kavu. Bwana Nyama alisimamia ugawaji, kila kaya ikapata fungu lake, na sasa masufuria yakaazimwa. Mama alichemsha nyama, akamwaga maji ya kwanza, akachemsha tena kwa chumvi na ndimu, kisha akaunga kwa nyanya na vitunguu. Iliyobaki tuliitandaza kwenye uchaga juu ya moshi. Tulikula na ugali wa muhogo, mafuta yakitutiririka hadi viwikoni, na kila ua ulikuwa na kicheko.

Pembeni ya moto niliona kijungu kidogo kinachochemka.

"Bibi, hicho cha nani?"

"Cha asiyeweza kula nyama hii," alisema.

Kilikuwa na dagaa. Alikipakua, akanibebesha ugali, tukaenda kwa jirani. Tulimkuta ameketi mlangoni kwake, moto haujawashwa.

"Mwanangu, nimekuletea dagaa," bibi alisema.

Alilipokea bakuli, akaliweka chini. "Nilidhani akifa nitapumua, mama."

"Utapumua. Leo kula kwanza."

Bibi akaketi, akanawa, akala naye. Huyu ni bibi aliyependa nyama kuliko mtu yeyote nyumbani kwetu. Harufu ya nyama ilitufikia pale tulipokaa, na hakuna aliyeitaja. Jirani alikula kidogo, kisha zaidi, kisha akalia, na bibi akaendelea kumega tonge kama vile kulia ni sehemu ya chakula.

Bibi hayupo tena. Jirani alihamia kwa watoto wake ng'ambo ya ziwa. Matete yamefyekwa, majaruba yamegeuka viwanja, na watoto wa pale wanaogelea bila kuambiwa waangalie nyuma. Simlilii kiboko, aliyewahi kuchota maji pale hawezi kumlilia. Siku hizi mtu akifiwa tunamchangia, tunampelekea viti na turubai, tunampigia simu, na huo nao ni wema. Lakini bado sijamwona tena mtu anayeweza kutazama kijiji kizima kikishangilia, akajiuliza ni nani leo chakula hiki hakitapita kooni mwake.