Eneo la Wazi Lisilo na Mkorosho

Juzi kwenye ofisi ya ardhi Ruangwa, afisa mmoja kijana alimfunulia bibi aliyenitangulia kwenye foleni mchoro wa mipango miji, akaweka kidole kwenye rangi ya kijani.

“Hili ni eneo la wazi, bibi. Ni la watu wote kupumzika. Hapajengwi wala hapalimwi.”

“Hata mkorosho mmoja?”

“Hata mmoja.”

Bibi akakaza kanga yake. “Mjukuu wangu, huku kwetu ardhi isiyo na mkorosho haina mwenyewe. Mvua zikianza tu, utakuta mtu kashapanda.”

“Nani atathubutu?”

“Mimi.”

Afisa akakunja mchoro taratibu. Zamu yangu ilipofika nikapewa hati ya kiwanja changu, chenye bikoni za kuonyesha mpaka kila pembe. Nikashukuru, nikaenda moja kwa moja kutafuta miche ya mikorosho.